Mbao za Shimo

Siku ya tatu ya juma, tarehe 14 mwezi wa kumi na moja, 2012, njo siku walitoa mbao ndani ya shimo langu.

Nilikuwa nachimba choo katika kambi yetu ya wakimbizi, karibu na Lushebere. Pale nyumba za shitingi, zile turubai za plastiki, zimebanana. Toka ukingo wa shimo mpaka mlango wangu ni hatua mbili. Udongo wa Masisi ukilowa hausimami, kwa hiyo nilipanga pande zote mbao nilizochonga mwenyewe kwa panga na kuzikaza kwa miti ya kukingama, zishikilie mpaka tujenge mawe. Ndani ya nyumba, bibi yangu wa ndoa, Anastasie, alikuwa amelala na malaria.

Nestor, prezida wa kambi, akaja na vijana.

— Papa Byamungu, toa mbao. Wakubwa wanakuja, tunajenga tribine, wapate pa kukaa.

— Prezida, mvua iko inakuja. Ukuta utaanguka.

— Siku zote umesimama, leo njo utachoka?

Vijana wakacheka.

— Bibi yangu iko pale, hawezi kutembea. Nimupeleke wapi?

— Wewe ulikimbia bunduki toka Pinga, sasa unaogopa choo? Kesho tutazirudisha. Ni amri ya juu. Na asiyeonekana kwa mukutano, jina lake linafutwa kwa orodha ya chakula.

Nikabeba mbao pamoja nao. Wakubwa wakakaa juu ya tribine, wakasema habari za usalama, tukapiga makofi. Mvua ikawafukuza mpaka kwenye magari yao. Niliporudi, ukuta ulikuwa umeanguka, na nyumba yangu imetumbukia shimoni. Tulichimba kwa mikono. Anastasie alikuwa amekwisha kufa.

Kesho yake Nestor akaleta sanduku la kuzikia, zawadi ya komite ya kambi. Kwenye kifuniko nikaona alama za panga langu.

— Umezirudisha, nikamwambia.

— Pole, kaka.

Nikamuuliza amri ilitoka kwa nani. Akasema juu. Juu wanasema wao hawakuomba tribine.

Sasa mbao ziko kaburini, zinamkinga Anastasie udongo usimguse. Shimo liko wazi. Ng'ambo yake, ukingoni kabisa, anakaa jirani yetu Kasoki na watoto wake. Siku tulipotoka kuzika, mvua ilikuwa imeanza tena. Kasoki akasimama mbele ya Nestor, mbele ya watu wote:

— Prezida, na huku kwangu, ukuta utashikwa na nini?