Mpira Usioingia Bombani

Ubao wa hesabu ulikuwa sebuleni, pale ambapo watu wengine huweka televisheni. Juu yake binti alikuwa ameandika USIFUTE kwa herufi kubwa, na Mama, ambaye hakuvumilia vumbi popote nyumbani, alikuwa akipangusa fremu tu.

Mchana huo Mama alitoka chumbani alikokuwa akisali, akamkuta binti amesimama mbele ya ubao, chai imepoa mkononi mwake.

"Mama, ukiniombea huwa unaombaje?"

"Naomba hesabu yenu iwe kweli."

"Hesabu haiombewi hivyo. Ama ni kweli ama si kweli, tangu zamani."

"Basi naomba uione. Kuna nini?"

Binti akaketi kwenye mkono wa kochi. Alizoea kumweleza mama yake kazi yake, na Mama, aliyeishia darasa la saba, alizoea kusikiliza mpaka mwisho. Pembeni mwa ubao palikuwa na mchoro wa mpira na bomba. Katika jiometri aliyosomea binti, mpira huo unaweza kuuvuta na kuupinda, mradi ufuate masharti yake, lakini bomba likiwa jembamba kuliko mpira, hauingii ng'o. Hilo lilithibitishwa na mtu mwingine kitambo. Binti na mwalimu wake wa chuo walidai kwamba umbo lao jipya nalo haliingii, na kesho mwalimu angetangaza hilo mbele ya wageni.

"Kuna eneo nililijumlisha," binti alisema. "Lilikuwa la kutoa. Ukilitoa, uthibitisho wote unaanguka."

"Mwalimu anajua?"

"Hajui. Hata wageni hawataona, limejificha ndani sana."

Mama akamtazama. "Wewe umeliona."

Binti akachukua simu akaenda jikoni. Mama hakumfuata. Alisikia, "Shikamoo, Mwalimu," halafu maelezo marefu. Binti aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini mabega yalikuwa yameshuka, kama aliyetua mzigo.

"Amekasirika?"

"Amesema afadhali leo. Kesho atawaeleza tulipokwama. Halafu akaniuliza kama nimekula, kama unavyoniuliza wewe kila siku. Mmepanga?"

Mama akacheka chinichini.

"Ufute, Mama."

Mama akalowesha kitambaa, akaanza na lile USIFUTE, akashuka taratibu, mstari kwa mstari. Alipofika pembeni akauzunguka mpira na bomba lake.

"Hapo umeruka."

"Hilo la mpira si lenu," Mama alisema, akikamua kitambaa. "Lina mwenyewe, na halina kosa. Njoo ule."