Alivyousoma Uso Wangu

Mjukuu wangu ametoa kitabu. Si hadithi, ni insha. Anachukua vitu tunavyovipita tu, tamthilia za jioni, foleni ya saluni, makochi yaliyofunikwa vitambaa, anavigeuza huku na huku, na mambo yake mwenyewe anayachanganya humohumo. Mimi niliishia shule ya msingi. Nasoma kwa kidole, lakini nasoma. Ile ya tamthilia ilinichekesha mpaka miwani ikateleza.

Ya tano ndiyo iliyoniinua kitini.

Inahusu picha yangu na marehemu babu yake, ile ya studio: yeye amekaa, mimi nimesimama, mkono begani kwake. Ameandika kwamba uso wangu umetulia kama maji ya mtungi, na kwamba kizazi chake kinakimbia ndoa kwa kuukosa utulivu ule. Kisha: "Kila mume wangu anapofoka na kutupa vitu, naitazama picha hii, nabaki."

Nikafunga kitabu. Nikafagia baraza lililokwisha kufagiwa. Nikakifungua tena, labda nimesoma vibaya. Nikaanika shuka, nikalianua bado bichi.

Mdogo wangu, tunayemwita Redio, alikuwa akichambua mchele. "Dada, umekanyaga siafu?"

"Soma hapa."

Akasoma. "Mh! Umetulia! Si siku ile uliyotoroka?"

"Sikutoroka. Niliondoka mchana kweupe."

"Haya, uliondoka. Lakini usimharibie mtoto kitabu chake. Watu wanampigia makofi."

"Wakishapiga wanarudi kwao. Yeye anarudi wapi?"

Redio akabeba ungo wake wa mchele, akaingia jikoni.

Nikampigia mjukuu simu. "Mke mwenzangu, njoo. Nimefika insha ya tano."

Alikuja anatabasamu, anangoja sifa. Nilishindwa kukaa, nilisema huku nazunguka meza.

"Siku ya picha ile begi langu lilikuwa palepale studio, nyuma ya pazia. Babu yako alikuwa amevunja kioo cha kabati kwa sahani, na haikuwa mara ya kwanza. Mama yako alikuwa tumboni. Nilitaka akizaliwa aijue sura ya baba yake. Nilitulia kwa sababu nilishakata shauri. Hata huo mkono, mpiga picha ndiye aliyeuweka."

"Lakini bibi, mlizeeka pamoja!"

"Alinifuata kwa kaka yangu, akasema mbele ya watu alichofanya. Hakutupa tena hata kijiko. Angetupa, ningeondoka tena. Wako anasemaje?"

"Anasema mimi ndiye ninayemchokoza."

Redio akasonya kutoka jikoni. Nikamwambia achambue mchele.

Mjukuu akachukua kitabu, akautazama ukurasa ule kama umeandikwa na mtu asiyemjua. "Na watu wameshasoma."

"Wasome. Wewe mwandishi, utaandika kingine."

Hakucheka. Alikuwa anazungusha pete kidoleni, inakwama kwenye kifundo, anairudisha. Mimi nilisimama dirishani, nikahamia mlangoni, nikarudi. Nilitamani kumwambia asirudi kule, nikaumeza ulimi. Angekuwa ametoka kumtii mume, akaja kunitii mimi.

"Bibi," akasema mwishowe, "kwenye lile begi ulitia nini?"

Sikumwuliza anatakia nini kujua. Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye.

"Vyeti kwanza," nikamwambia. "Nguo baadaye."