Injini ya Mama Enesia Yaja Kuomba Oili

Jana alasiri, nimejilalia zangu na sweta langu la bluu mwilini kwenye boksi pembeni ya gereji, niliota injini ya Mama Enesia Mligo imenijia kwa miguu.

Kabla sijasema ilivyokuja, niseme kwanza mambo yalivyokuwa nikiwa macho, nisije nikaonekana nimepagawa. Injini hiyo niliitoa mwenyewe kwenye pikapu juzi, nikaiweka juu ya tairi bovu, hatua tano kutoka pale ninapolala. Mama Enesia ana miaka mitatu tu tangu aanze kubebea viazi kuja hapa Njombe mjini, na tayari injini inakula lita nzima ya oili kila safari. Moshi wa bluu, mpaka kuku wa barabarani wanakohoa. Mama huyu ni mjane. Pikapu aliinunua kwa kuuza shamba la miti ya mipaina aliloachiwa na marehemu mumewe, na sasa limebaki shamba moja tu, la mwisho. Alikuwa aje jana hiyohiyo akitoka kanisani, nimwambie gari linaumwa nini.

Na mimi jibu nilikuwa nalo. Mama, ni uzee tu, kilometa zimekwenda, uza hilo shamba lililobaki tununue injini nyingine. Nikiwa na jibu hilo mdomoni, usingizi ukanichukua.

Basi, injini inaingia. Inachechemea, imejikumbatia, na valvu zinagongana kama meno ya mtu aliyetoka kuoga mtoni asubuhi.

"Kamwene, fundi," inanisalimia kikwetu.

"Kamwene. Karibu kiti."

"Kiti sitaki. Naomba oili."

Kwetu mgeni akiomba maji haulizwi ametoka wapi. Nikachukua galoni nikaimiminia lita moja. Ikanywa yote kwa pumzi moja, ikajifuta mdomo.

"Ongezea."

Nikaongeza ya pili. Ikanywa.

"Ongezea."

"Hee! Wewe huna adabu?" nikaiuliza. "Umekuja kuniamkia au kunifilisi?"

"Si ndiyo unavyowaambia watu, fundi? 'Ikipungua, we ongezea tu.' Basi, ongezea tu."

Ni kweli, hayo ni maneno yangu. Nimewaambia madereva miaka kumi na saba, mpaka yanatoka mdomoni kabla mtu hajamaliza kueleza shida yake. Sasa kumbe kule ndotoni neno la fundi ni amri, na amri inamshika fundi mwenyewe wa kwanza. Nikajaribu kuweka galoni chini, mkono ukakataa. Namimina. Inakunywa. Namimina. Kwapa zinaniuma, galoni halipungui, na injini inalia njaa.

Moshi unaitoka kwa nyuma, mzito, wa bluu. Kwanza nilidhani utapanda juu upotee, kama moshi wa watu. Lakini ulisimama. Ukaota matawi. Kila lita niliyomimina ikawa mpaina mmoja wa moshi, na punde gereji haipo tena, nimesimama katikati ya shamba la Mama Enesia, lile lile aliloliuza, miti imepangwa mstari kwa mstari kama marehemu mumewe alivyoipanda. Nikanyoosha mkono nishike mmoja. Mkono ukapita.

"Nimekula shamba zima," injini ikasema, kwa aibu. "Na bado nina njaa."

"Usijali," nikaiambia. "Limebaki moja."

Maneno hayo yalinitoka hivihivi, na nikayasikia vizuri. Niliona haya, jamani. Nikatazama chini nijifanye natafuta spana.

Nilipoinua kichwa nikakuta baraza limekaa. Mwenyekiti ni kijiti cha kupimia oili, kirefu kuniliko, chembamba, na pete yake ya manjano kichwani. Kabla ya kusema neno anajifuta mwili mzima kwa kitambaa, anajichomeka ardhini, anajichomoa, anajitazama amefika alama gani, ndipo anasema. Kwa mwendo huo swali moja ni kama robo saa.

"Jina?"

"Kaduma. Fundi Kaduma."

Akajifuta. Akajichomeka. Akajichomoa.

"Unaijua injini hii?"

"Naijua. Ni uzee, mheshimiwa. Kilometa zimekwenda."

Akajitazama kwa makini. "Hilo jibu liko chini ya alama," akasema. "Waleteni."

Nikadhani wanaletwa askari. Walioletwa ni themostati. Mnazijua? Ni kidude cha shaba, kinakaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta inayopoza maji, kadogo tu, kanaenea kiganjani. Zilikuja kwa foleni kati ya mipaina, mamia kwa mamia, kila moja imefunga mlango wake. Nilizitambua. Zote hizo nilizitoa mimi. Gari likija kwangu mara ya kwanza, hata kama limekuja kubadilishwa taa, nafungua boneti, natoa themostati, natupa. Bure, wala silipishi. Huo ndio ukarimu wangu, na wateja wananisifu: Kaduma anaipa gari hewa.

"Kwa nini ulitutoa?" ikauliza ya mbele.

Jibu la swali hilo nililipata kwa bosi wangu wa zamani kule Ifakara, naye alilipata kwa wake. Nikalisema kwa sauti, kifua mbele:

"Nyie ni za Ulaya. Kule kuna baridi, ndiyo maana waliwaweka. Afrika kuna joto."

Pale pale baridi ya Julai ikashuka. Baridi ya Njombe ninyi mnaisikia tu. Umande ukaganda juu ya majani, ukawa mweupe pee, na masikio yangu yakaanza kuuma kwenye ncha.

"Rudia," akasema mwenyekiti, safari hii bila hata kujifuta.

"A-a-afrika," nikasema, "ku-ku-kuna..."

Meno hayakuniruhusu. Mvuke ulinitoka mdomoni na kusimama mbele ya uso wangu, ukingoja nimalize. Themostati hazikucheka, afadhali zingecheka. Zilinitazama tu, na milango yao imefungwa.

"Sisi hatufungui mpaka maji yapate moto," ile ya mbele ikasema taratibu, kama mwalimu wa darasa la pili. "Hiyo ndiyo kazi yetu, hatuna nyingine. Tukiondoka, maji ya baridi yanapita muda wote, na injini haipati moto hata siku moja. Mafuta hayaungui vizuri, yanateremka ukutani mwa silinda, yanaosha oili. Chuma kinakwenda juu ya chuma. Ringi za pistoni zinasagika. Halafu oili inapanda inaungua, na wewe unasema ongezea tu."

"Sikujua," nikasema.

"Ulijua mwaka juzi," ikasema injini.

Na ni kweli. Mwaka juzi nilielezwa haya yote na mtu wa semina, mbele ya mafundi wenzangu, na nikamwelewa. Nilimwelewa vizuri sana. Nikatoka nje nikajiuliza: nikianza kuzirudisha, si watu watauliza kwa nini nilizitoa? Nikanyamaza. Mficha maradhi kilio humuumbua, wazee walisema, nami nilijua methali hiyo tangu utoto wala haikunisaidia.

"Nipeni adhabu basi," nikamwambia mwenyekiti. "Nifungeni. Nichapeni."

Akajifuta mwili mzima. Akajichomeka. Alipojichomoa alikuwa mkavu kabisa, hana hata tone. Akajitazama muda mrefu.

"Imekwisha," akasema.

Nilidhani anasema kesi. Kumbe alikuwa anasema oili. Nikageuka, nikaiona injini imekaa chini kwenye umande ulioganda, imeegemea mpaina usioegemeka, na inakwenda upande upande.

Nikakimbia. Nikapiga magoti. Nikaiuliza inasikia nini.

"Baridi," ikasema. "Fundi, mwenzio nilitoka kiwandani sina ugomvi na mtu. Ningeweza kubeba viazi vya yule mama mpaka wajukuu zake waoe. Sijawahi kupata moto hata mara moja. Asubuhi ananiwasha, ananipigapiga boneti, ananiambia 'twende, mwanangu.' Natamani kwenda. Sina nguvu."

"Vumilia kidogo."

"Akija utamwambia nini?"

"Nitamwambia..." nikaanza, na jibu langu la uzee na kilometa likaja mpaka kooni. Nikalimeza. Lilikuwa chungu kama oili chafu.

"Mwambie ya kwako," injini ikasema. "Asije akafikiri ni mimi niliyemwangusha."

Sina haya kusema kwamba nililia. Nililia kama mtoto, makamasi yananiganda kwenye masharubu. Nikavua sweta langu, lile la bluu la vifungo, nikaivalisha. Halikuenea. Nikalivuta hivyohivyo, nikafunga kifungo cha chini, cha pili, cha tatu, vidole vimekufa ganzi, nikafunga mpaka kile cha shingoni, na mikono ya sweta nikaifunga fundo kwa mbele. Nikaikumbatia. Ilitetemeka mara mbili, halafu ikanoki, ikakwama na kuzimika kwa mlio mmoja tu, mdogo, na mipaina yote ikaondoka kwa pamoja, kama moshi.

Nikaamka.

Jua lilikuwa bado lipo, limeinamia upande wa stendi. Niko kwenye boksi langu, nimejikunja, na baridi imeniingia mpaka mifupani. Nikajipapasa. Nina shati tupu.

Mama Enesia alikuwa amesimama mbele ya tairi bovu, na kitabu cha nyimbo kwapani. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anaitazama injini yake. Ilikuwa imevaa sweta la bluu, vifungo vyote vimefungwa mpaka cha shingoni, na mikono imefungwa fundo kwa mbele.

"Kamwene, fundi," akasema. "Shikamoo sitakupa, wewe ni mdogo wangu. Hii ni dawa gani?"

"Kamwene, mama."

"Nimekuuliza. Kwa nini gari langu limevaa sweta?"

Nikasimama. Lile jibu langu lilikuwepo bado, tayari, limenyooka, na angeliamini. Yeye hujaga na swali moja tu, na huwa ananiamini.

"Linaona baridi, mama," nikasema. "Linaona baridi miaka mitatu sasa. Siku ile ya kwanza uliponiletea, kuna kidude nilikitoa bila kukuambia. Hicho ndicho kilichokuwa kinalipatia moto. Siyo uzee. Siyo kilometa. Ni mimi."

Aliweka kitabu chake cha nyimbo juu ya pipa, akaisogelea injini, akaishika begani kwenye sweta, pale ambapo mtu humshika mgonjwa.

"Na sasa limevishwa," akaniuliza, "litapona?"

"Hapana, mama," nikasema.