Wastani wa Meza ya Pili

Kila saa, Lynette alichukua pakiti tano kutoka meza ya kwanza na tano kutoka meza ya pili, akazipima moja moja kwenye mizani na kuingiza uzito wake kwenye kompyuta. Programu ilitoa wastani wa zile tano, na tofauti kati ya nzito kabisa na nyepesi kabisa. Lynette alihifadhi namba hizo mbili kwenye faili la muhtasari, na chati ikachorwa kutokana nazo. Uzito wa pakiti moja moja aliufuta. Ndivyo meneja, Hezekiah, alivyoagiza tangu kiwanda hicho kidogo cha unga kilipofunguliwa Likuyani.

Alhamisi moja saa nne asubuhi, wastani wa meza ya pili ulikuwa gramu 1,961. Mstari wa chini kwenye chati, ambao wastani haukupaswa kushuka chini yake, ulikuwa 1,985, na pakiti zenyewe ziliandikwa kilo mbili. Lynette alibonyeza kitufe cha kuhifadhi. Wanawake wanne wa meza ya pili wakainuka kutoka sakafuni, karibu mita moja, brashi za gundi mikononi.

Hawakuacha kazi. Waliinama tu zaidi kuzifikia pakiti.

"Lynette, tuwekee hiyo ndoo ya gundi juu ya kitu," alisema Immaculate, mkubwa wao, ambaye wote walimwita Mama Elvis. Lynette akaiweka juu ya kreti mbili.

Saa tano wastani ulishuka tena, nao wakapanda hadi kwenye mbao za paa. Gentrix, mdogo wao, alijisukuma ukutani kwa kidole kimoja akabiringika hewani mara tatu, unga ukimwagika kutoka kwenye aproni. Wengine wakamfuata. Walicheka mpaka wa meza ya kwanza wakashindwa kufunga pakiti. Mchana walikula obusuma, ugali wa kwao, na mboga wameketi hewani, sahani magotini, kisha wakafagia utando wa buibui ambao haukuwahi kufikiwa na mtu. Jioni Lynette alipozima kompyuta, walishuka polepole, wakavaa viatu, wakaenda nyumbani.

Ikawa hivyo wiki tatu. Goti la Mama Elvis, lililomsumbua miaka minane, halikumuuma hata kidogo akiwa juu. Alikuwa akiimba pambio na kuzunguka kama msichana.

Kisha Lynette akagundua kwamba springi ya mashine ya kujazia unga pakiti za meza ya pili imelegea, ndiyo maana zilipungua uzito. Alimwambia Mama Elvis kwanza, wakati wa mapumziko.

"Ikitengenezwa mtashuka, mama. Na goti lako?"

Mama Elvis, aliyekuwa amelala chali hewani, alilikunja goti na kulikunjua.

"Huo unga hata mimi nanunuanga," alisema. "Mwambie bosi."

Hezekiah alimsikiliza vizuri, hata akamvutia kiti.

"Mihtasari ya hizo wiki tatu umehifadhi?"

"Yote, bosi."

"Basi itumie kupiga hesabu ya mistari ya chati upya."

"Na mashine?"

"Lynette, dada yangu, chati ikiwa sawa, mashine iko sawa."

Lynette alirudi kwenye kompyuta kutafuta uzito wa pakiti moja moja, angalau apate cha kumwonyesha mtu mwingine. Haukuwepo. Alikuwa ameufuta mwenyewe, kila saa. Wastani na tofauti vilikuwepo vyote, na programu haikuhitaji zaidi. Mstari mpya wa chini ukawa 1,940.

Mstari ulishuka. Akina mama hawakushuka.

Jumatatu fundi alifika na mashine ya kuchomelea. Aliipita mashine ya kujazia bila kuigusa, akairefusha miguu ya meza ya pili kwa mita tatu, akaacha na ngazi. Saa nne Lynette alipanda kuchukua pakiti zake tano, akashuka, akazipima, akahifadhi.

"Leo ni ngapi?" aliuliza Mama Elvis kutoka juu.

"Elfu moja mia tisa hamsini na nane."

"Na tuko sawa?"

"Chati inasema mko sawa, mama."

Mama Elvis alipaka gundi kwenye mdomo wa pakiti nyingine, akaubonyeza mpaka ukashika, akaiteremsha kwenda kwenye lori la kupeleka unga madukani.