Saruji ya Kifusi Chini ya Mapipa ya Achari

Ami Dhanun, mtengeneza achari wa Mosul, alikataa katakata msingi wa nyumba yake mpya ujengwe kwa saruji iliyochanganywa na unga wa matofali ya nyumba yake iliyobomolewa vitani.

"Kifusi hakinibebi!"

Miaka ya nyuma Rafif, binti wa kaka yake, mhandisi, aliweka vibao viwili vya saruji, kimoja cha kawaida na kimoja cha kifusi, chini ya mapipa yake yanayovuja maji ya chumvi, akamwambia cha kifusi ni cha kushoto. Sasa cha kushoto kilikuwa kimemomonyoka.

"Ona takataka yako! Nijengee kwa saruji ya hiki cha kulia."

Rafif akawageukia mafundi waliokuja kujenga. "Mafundi, mmemsikia? Cha kulia ndicho cha kifusi. Nilimdanganya makusudi."

Mafundi wakaangua kicheko.

"Niombe radhi, mtundu wewe!"

"Siombi, Ami. Wala kesho siombi."