Marehemu Anakunywa Maji

Bwana Kipaza alikuwa ameshaamua: filamu ya jioni ile ndiyo ya mwisho. Ikiisha tu, ukumbi wake wa video anamkabidhi jirani, muuza saruji, augeuze stoo. Jirani mwenyewe alikuwa keshakaa benchi la nyuma, anapima kuta kwa macho.

Jina la Kipaza alipewa kwa kazi yake. Filamu zinakuja kwa lugha za watu, yeye anashika kipaza sauti na kuwasemea wote: jambazi, bibi harusi, mpaka mbwa. Zamani aliipenda kazi hiyo kufa. Mkewe alikaa mlangoni kukata tiketi, akicheka mpaka kitambaa kinamdondoka kichwani. Mwaka juzi mke akaenda zake, na filamu nazo ni kama zilimfuata kaburini. Siku hizi kila filamu ni ndugu wawili waliopotezana utotoni, mmoja polisi, mwingine jambazi, na bomu lenye waya mwekundu. Kosa la nani kama si la wakubwa wanaotengeneza filamu? Wamekaa huko kwenye viti vya kuzunguka, matumbo mbele, wanapasha kiporo kile kile na kubadilisha sahani tu.

Basi kwa hasira akaweka filamu mpya, akaipa mgongo, akaanza kutafsiri ile ya wiki iliyopita, kutoka kichwani. Alitaka kuhakikisha kwamba hakuna atakayejali, afunge mlango kwa roho nyeupe.

Na kweli, hakuna aliyeshtuka. "Mtandike!" watu walipiga kelele, na ngumi zikaja mahali pake. Akafika kwenye kifo cha jambazi, akalia kwa sauti ya mama mtu: "Mwanangu! Ameshakata roho!"

"Shemeji!" Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa mdogo wa marehemu mkewe, ndiye anayekata tiketi sasa.

"Nini tena?"

"Huyo marehemu wako mbona anakunywa maji?"

Bwana Kipaza akageuka. Jambazi alikuwa ameinua chupa, koo linapanda na kushuka. Ukumbi mzima ukamkodolea macho mtafsiri wake. Uso ulimchoma. Lakini mdomo ulishazoea kutangulia.

"Shemeji, wewe umewahi kufa? Kiu yake utaijulia wapi?"

Benchi zikapasuka kwa kicheko. "Muulize huko kukoje!" alidakia fundi viatu mmoja.

Bwana Kipaza akavuta kipaza sauti, akampa marehemu sauti ya mafua. "Foleni, ndugu zangu! Tangu asubuhi nimesimama, naambiwa wakubwa wapite kwanza. Nikaona bora nirudi."

Watu walipiga miguu sakafuni. Polisi akatokea mbio. "Kumbe anamfukuzia nini?" mtu akauliza. "Aliazima suruali yake akafa nayo!" akajibu Bwana Kipaza. Likaja bomu, likawa sufuria la maharage. "Usikate huo waya, yataungua!" alimaka mama mmoja wa mbele, na Bwana Kipaza akaudaka utani wake, akamwekea polisi mwiko mkononi. Jasho lilimtiririka. Hakujua neno linalofuata litatoka wapi, na hajapata raha kama ile siku nyingi. Shemeji alikuwa ameegemea mlango, ameshika mbavu. Kicheko chake si kama cha dadake, chake kinalia kama mlango mkavu, lakini Bwana Kipaza alijikuta anakisubiri.

Filamu ikaisha. "Rudia! Rudia!"

Muuza saruji akaja mbele, anafuta machozi. "Mzee, tuseme ukweli, stoo ndiyo basi?"

"Ndiyo basi, jirani. Unisamehe. Tafuta kwingine."

"Nitatafuta." Akasita, akainama sikioni. "Ila yule marehemu, aliporudi nyumbani, mkewe alimpokea?"

Bwana Kipaza akarudi kwenye mashine ya video.

"Bado sijui," alisema, akabonyeza kitufe. "Kaa chini tuone."