Dakika Aliyoiacha Ipite

Baba yangu anaitwa Bwana Dakika, na jina hilo hakupewa kwa mzaha. Katika mbio za magari za barabara za changarawe kila gari lina watu wawili: dereva, ambaye watu humpigia makofi, na mwelekezi, ambaye watu humsahau. Mwelekezi hukaa upande wa abiria na daftari mapajani, akimsomea dereva kila kona kabla haijaonekana. Ndiye pia anayepeleka kadi ya muda kwenye meza ya wasimamizi kabla ya kila hatua, yaani kila kipande cha barabara kinachopimwa muda. Ukiiwasilisha kadi kabla ya dakika uliyopangiwa, unaadhibiwa. Ukichelewa dakika moja, unaongezewa sekunde kumi. Kwa miaka ishirini na miwili Baba hakuwahi kukosea, si mbele wala nyuma. Anadai wasimamizi wengine hurekebisha saa zao wakimwona anakuja, na mimi sijawahi kupata ushahidi wa kumpinga.

Dereva ni mimi. Aliyekuwa dereva wake alistaafu miaka sita iliyopita, nikarithi usukani, na tangu hapo tumegombana katika kila barabara tuliyopita. Mimi ni mwepesi wa hasira na yeye ni mbishi. Mama husema garini tumepakia kiberiti na mafuta ya taa, anashangaa tu mbona hatujaungua.

Mashindano ninayosimulia yalikuwa ya siku tatu, magari kutoka nchi kumi na moja. Baba alikuwa ameshika nafasi ya pili mara nne katika mbio hizi hizi, na hakuwahi kushinda. Nyumbani ana vikombe vinne vya ukubwa mmoja vilivyopangwa juu ya kabati la vyombo, na nafasi moja kaiacha wazi katikati. Hasemi ni ya nini. Sote tunajua, na Mama hupapangusa vumbi pale kila Jumamosi kana kwamba pana kitu.

Hadi jioni ya siku ya pili tulikuwa tunaongoza kwa sekunde tatu nukta moja. Muda huo hautoshi hata kufunga zipu ya koti. Aliyekuwa nyuma yetu ni dereva mgeni ambaye mafundi wetu walimbandika jina la Mlingoti kwa urefu wake, mtu mpole, anayeendesha kama aliyezaliwa garini. Asubuhi anatupita, mchana tunampita, na kila hatua ilikwisha tukiangalia ubao wa matokeo kama wagomvi wawili wanaosubiri hukumu.

Siku hiyo ya pili ndipo nilipogundua.

Tulikuwa tumemaliza hatua ya tano, kilomita kumi na nane za kona na vumbi, na Baba alikuwa amenisomea bila kukosea hata neno. Nikasimamisha gari mbele ya meza ya kumalizia. Alipokuwa akifungua mlango kupeleka kadi, daftari likamteleza kutoka mapajani, nikaliokota. Juu ya jalada palikuwa na tarakimu moja: tatu. Lilikuwa daftari la hatua ya tatu. Hatua ya tatu tulikuwa tumeimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Nilibaki nimelishika, nisiamini. Mtu alikuwa amenisomea barabara nzima kutoka katika daftari lisilo la barabara hiyo. Tena alikuwa anafunua kurasa.

"Baba," nilimwuliza aliporudi, "hujambo?"

"Nimechoka tu. Endesha, tuna dakika ishirini na nane hadi kwa mafundi."

Jioni, mafundi wakiwa chini ya gari, nilimtafuta. Nilimkuta nyuma ya lori la vipuri, ameketi juu ya gurudumu, simu ameiweka sauti ya juu, macho ameyafumba. Sauti iliyokuwa inatoka ni ya Mama.

"Kulia nne inabana, mita hamsini, kilima, shika katikati, kushoto tatu usikate. Ngoja kwanza nipunguze moto." Kikasikika kifuniko cha sufuria. "Haya. Kushoto tatu usikate, mita themanini, kulia sita ndefu."

"Rudia kuanzia kilima," Baba alisema.

"Hii ni mara ya saba, mzee."

"Zinatakiwa kumi."

Namba hizo ni za kona: moja ni ile ya kugeuka karibu urudi ulikotoka, sita ni ile unayopita bila kugusa breki; inayobana huzidi kujikunja, na usikate ni onyo usipite ukingo wa ndani. Ni maneno yangu mwenyewe. Kabla ya mashindano tunapita barabara zote polepole, mimi nataja, yeye anaandika. Baadaye alikuwa anazipiga picha kurasa na kumtumia Mama, na Mama, ambaye hajawahi kuiona hata moja ya barabara hizo, anamsomea jikoni hadi zikae kichwani. Macho ya Baba yalikuwa yamekwisha. Ndiyo maana mwaka huu alinunua saa ya mkononi yenye tarakimu kubwa kama vifungo vya koti, akatuambia ni mtindo.

Niseme ukweli, nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Nilikuwa ninaruka vilima kwa mwendo wa kilomita mia na arobaini kwa saa, roho yangu nimeiweka mikononi mwa mtu asiyeona. Nilitaka kwenda kumnyang'anya ile simu. Halafu nikamsikia akirudia kwa sauti ndogo, kulia nne inabana, kama mwanafunzi anayeogopa mtihani, nikaghairi. Mtu wa miaka sitini na mmoja alikuwa amemeza kilomita mia mbili na kumi za kona ili nisijue. Daktari wa mashindano angelijua, leseni ingekwenda. Nikarudi kwa mafundi, nikamfokea Mjomba, fundi mkuu wetu, bila sababu yoyote, naye akanitazama tu akaendelea kukaza boliti.

Asubuhi ya siku ya tatu ndipo mambo yalipoharibika. Mvua iliyonyesha milimani usiku ilikuwa imekata daraja katika hatua ya mwisho. Waandaaji wakafungua njia ya kando ya kilomita sita kupitia mashamba, na kila gari likaruhusiwa kuipita mara moja tu, polepole, kwa ajili ya kuandika. Nilitaja, Baba akaandika kwa penseli, mwandiko wake uleule mdogo uliolala. Mkono wake unaujua mwandiko huo hata bila macho. Kuusoma ni jambo lingine, na muda wa kumsomea mara kumi haukuwepo. Tulikuwa na hatua mbili za kukimbia kabla ya hiyo, na huko mashambani simu haishiki.

Hatua hizo mbili tulizimaliza vizuri. Mlingoti alitupunguzia sekunde moja, nasi tukamrudishia. Tukawa palepale: tatu nukta moja.

Mwisho wa njia ya kwenda hatua ya mwisho kuna mahali magari husubiri dakika yao, mita chache kabla ya meza. Tulifika tukiwa na dakika kumi na moja mkononi. Baba alivua mkanda, akashuka, akasimama anatazama saa. Daftari jipya alikuwa amelibana kwapani. Midomo yake ilikuwa inachezacheza, anajaribu kukumbuka nilichotaja asubuhi, na nikamwona akifika mahali akakwama, akaanza upya, akakwama tena palepale.

Ningeweza kuipita njia ya kando kwa macho yangu tu, bila kusomewa. Ningepoteza nusu dakika, na aliyekuwa nafasi ya tatu angetupita pia. Lakini si hilo tu lililonisukuma. Sikutaka kilomita za mwisho za Baba ziwe kilomita za kunyamaza.

Nikafungua mfuko wa mlango, nikatoa kalamu nene nyeusi ambayo Mjomba huandikia masanduku ya vipuri.

"Baba, nipe daftari."

"Dereva hashiki daftari la mwelekezi."

"Leo anashika."

"Lina kasoro gani?"

"Halina kasoro. Jana ulinisomea hatua ya tano na mkononi una daftari la hatua ya tatu."

Vumbi la gari lililokuwa limeondoka mbele yetu lilikuwa bado linaning'inia. Alitazama saa, mzee wangu, mtu ambaye hata msibani huangalia saa kwanza ndipo alie.

"Mama yako amekwambia?"

"Mama hajasema neno. Niliwasikia nyuma ya lori. Nipe daftari, Baba. Nina hasira na wewe ya mwaka mzima, lakini nitakugombeza kesho."

Akanipa.

Nikaketi juu ya boneti, ingawa ilikuwa ya moto kupita kiasi, nikaanza kunakili katika kurasa tupu za nyuma. Herufi kubwa, maneno matatu kwa ukurasa, mshale wa kulia, mshale wa kushoto, namba ya ukubwa wa kiganja. Nilimfunulia ukurasa wa kwanza.

"Unaona?"

Akausogeza, akausukuma mbali kidogo. "Kulia tano," alisoma. "Mita arobaini."

Basi nikaandika kama mwenda wazimu. Yeye alisimama amenipa mgongo, akinitajia muda. Nane. Sita. Nne. Gari la Mlingoti, ambalo lilitangulia letu, likaingia mezani, likaondoka. Mbili. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi na wino umenipaka hadi kiwikoni.

"Moja," Baba alisema. "Umebakiza nini?"

"Kurasa nne. Ile kona ya mtaro, ya baada ya kilima."

Nilijua anachofikiria kwa sababu nami nilikuwa nafikiria hichohicho. Tungeweza kuingia na kuziacha kurasa nne. Tulikuwa tunaongoza kwa sekunde tatu, na adhabu ni kumi. Aliichukua kadi akaenda hadi mezani, akasimama mbele ya msimamizi, kadi ameishika kifuani. Msimamizi alikuwa kijana anayemfahamu. Akanyoosha mkono kuipokea.

Baba hakumpa.

"Mzee," yule kijana alisema, "dakika yako inakwisha."

"Naijua."

Nilikuwa ninaandika, kwa hiyo sikuiona dakika hiyo ikipita. Niliisikia. Msimamizi mwingine alisema kwa mshangao, "Bwana Dakika amechelewa," kama mtu anayetangaza kifo. Nilipofunga kalamu Baba alikuwa bado amesimama palepale, ametazama mbele, na tarakimu kubwa za saa yake zilikuwa zimeshabadilika. Ndipo akaikabidhi kadi. Badala ya kuongoza kwa tatu, tulikuwa nyuma kwa karibu sekunde saba.

Alipoingia garini alifunga mkanda, akaweka daftari mapajani, akagonga paja langu mara moja. "Usilie, utashindwa kuona. Mmoja wetu lazima aone."

Nikacheka huku nikilia, na taa ya kuondokea ikawaka.

Kuhusu hatua hiyo sina maneno mengi. Kilomita kumi na mbili za kwanza zilitoka kichwani mwake, alizomezeshwa na Mama kati ya sufuria na sufuria. Kisha tukakunja kuingia mashambani, nikasikia ukurasa ukifunuliwa, na Baba akaanza kusoma. Alikuwa anasoma kweli. Sauti ilikuwa tofauti na ya mwaka mzima, ilikuwa na haraka ndani yake, na furaha, kama zamani. Nikaendesha kufa kupona. Changarawe zilikuwa zinapiga chini ya gari mfululizo. Tulipopanda kilima cha mwisho sikuona kitu mbele isipokuwa anga.

"Kushoto mbili baada ya kilima, usikate, mtaro kulia," alisoma. "Breki sasa."

Nilikanyaga breki kabla sijaiona kona. Gari likateleza, gurudumu la nyuma likatembea ukingoni kabisa mwa mtaro unaoweza kummeza ng'ombe, likarudi barabarani. Ule ulikuwa ukurasa wa pili kutoka mwisho. Bila dakika aliyoiachia, tungekuwa humo ndani.

Tulishindwa kwa sekunde moja nukta nne.

Kwenye mstari wa kumalizia watu walitujia wengi kuliko waliomwendea mshindi. Mtangazaji aliingiza kipaza sauti dirishani. "Bwana Dakika, miaka ishirini na miwili hujachelewa. Leo umechelewa dakika moja, na mmekosa ushindi kwa sekunde moja tu. Kulikoni?"

Nilifungua mdomo kusema ni mimi, gurudumu, boliti, chochote. Baba akaweka mkono juu ya mkono wangu wenye wino.

"Sioni vizuri," alisema. "Nimelificha jambo hili, na nimemhatarisha mwanangu. Alikuwa ananiandikia herufi kubwa, nikamsubiri amalize."

Mlingoti, ambaye hakuelewa neno, alimwinamia mwelekezi wake amtafsirie. Kisha akavua kofia yake, akaja akapeana mkono na Baba kwanza, mimi baadaye.

Watu walipotawanyika tulibaki garini, milango wazi. Nilimngoja azungumzie nafasi ile ya katikati juu ya kabati, au leseni, au daktari. Alifunua daftari polepole, kurasa za kalamu nene, moja baada ya nyingine.

"Mwandiko wako mbaya," alisema.

"Najua."

"Lakini unasomeka."

Akafungua mkanda wa ile saa kubwa, akaivua, akaitia mfukoni. Akaegemea kiti.

"Mwanangu," alisema, "sasa ni saa ngapi?"

Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia Baba akimwuliza mtu saa. Nikatazama, nikamwambia.